Ubovu wa gari wanaujua tangu kiwandani, sisi wa Mtwara tunaambiwa "hiyo haituhusu"

Wakuu habari za leo. Nina hasira za wiki tatu hivyo kama nitaandika hovyo mnivumilie, na moda naomba msiunganishe huu uzi na ule wa "gari gani nzuri kwa milioni 15", hapa naongelea kitu kingine kabisa.

Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Mwaka juzi hela ya korosho ilipoingia nikasema na mimi niachane na pikipiki, nikaagiza kagari kadogo ka familia toka Japani, mtumba wa kawaida kama mnayoendesha wengi humu. Kampuni siitaji, sitaki kesi. Ushuru nimelipa, ule wa uchakavu nao nimelipa, bandari nimelipa, yani kila mwenye mkono alinyoosha mkono nikampa.

Sasa mwezi wa pili nimembeba mama mkwe tunaenda msibani Lindi, tumebakiza kidogo kufika Mnazi Mmoja gari ikaanza kukosa pumzi, nakanyaga mafuta haiitiki, taa ya injini ikawaka na kabla sijasogea pembeni ikazima katikati ya lami. Nyuma kuna lori la makaa ya mawe limeshashusha bandarini linarudi Songea tupu, na nyie mnajua likiwa tupu linavyokuja. Jamaa alikwepa kwa nafasi ya kiganja. Mama mkwe alishaanza kutoa shahada. Hadi leo hapandi gari yangu, na simlaumu.

Ndo safari ya mafundi ikaanza hapo. Wa kwanza plagi zote nne. Wa pili kasafisha nozeli. Wa tatu koili, na kila mmoja akimaliza hela yangu anamalizia na wimbo uleule, "mafuta ya huku machafu bro". Nikahama sheli. Ikazima njia ya Naliendele. Nikahama sheli tena, ikazima Mikindani kwenye mteremko na watoto wamo ndani. Kama laki nane hivi zimeteketea na sijahesabu siku nilizolala bila biashara.

Mwisho dogo mmoja wa gereji, hata ndevu hana, akachukua namba ya chesisi akaiingiza kwenye tovuti ya kiwanda ya Kijapani, akatafsiri kwa simu. Wakuu nilikaa chini. Gari yangu ipo kwenye orodha ya magari yaliyoitwa yarudi yabadilishwe pampu ya mafuta, na imeandikwa kabisa bado haijafanyiwa! Ndani ya ile pampu kuna kifeni cha plastiki, kinanyonya petroli kinavimba, kikivimba kinagusa kuta kinakwama, mafuta hayafiki kwenye injini. Sasa sheli za watu nilizokuwa natukana zilikuwa na kosa gani? Na huko Japani unapeleka gari wanakubadilishia BURE, unakunywa chai unasubiri.

Nikapiga simu kwa wakala wao Dar. Dada kanipokea vizuri, kaomba chesisi, kanirudia na sauti nyingine, "Kaka hii gari ilitengenezwa kwa soko la Japani, hatukuiuza sisi, haituhusu." Namuuliza dada yangu, nembo iliyo mbele si ndo hiyohiyo iliyo ukutani kwako? Kimya. Walioniuzia nao wananiambia umenunua kama ilivyo. Yani ubovu ulipanda meli pamoja na gari, ila mwenye ubovu wake kabaki Yokohama.

Na msidhani ni kapampu tu. Mnaikumbuka ya GM (General Motors), kampuni ya magari kule Marekani? Mwaka 2014 waliita magari milioni 2.6 kwa swichi ya ufunguo inayojizima unaendesha, ikizima na eabegi (mifuko ya hewa ya kukukinga ukigonga) hazifunguki, watu 124 walikufa. Na kumbe ndani ya kampuni wapo waliojua miaka mingi, wakabadilisha swichi kimyakimya na namba ya kipuri wakaiacha ileile ili lisionekane. Hiyo ndo tabia yao na huko wana mahakama kali. Sisi je?

Inayoninyima usingizi zaidi ni ile ya eabegi za Takata, kampuni ya Kijapani iliyokuwa inawatengenezea viwanda vingi vya magari. Baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, siku ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Wamarekani walitanguliza kuyaita magari ya Florida, Hawaii na Puerto Rico, kisa kuna joto na unyevu. Haya niambieni, Mtwara kuna nini? Kuna theluji? Shati unalivaa saa mbili asubuhi saa tatu limeshalowa. Takata yenyewe mwaka 2017 ilikiri mahakamani kwamba ilichezea majibu ya vipimo, mwaka huohuo ikafilisika. Magari mangapi yenye eabegi hizo yanazunguka kusini huku hayajafunguliwa hata usukani? Gari ikija hapa wanaangalia breki, taa, tairi. Nani anaangalia kama iliitwa irudi?

Pampu mpya orijino naambiwa milioni na laki moja. Nipo tayari kuuza hata mbuzi, ila nataka kwanza nijue kama kuna mtu aliwahi kupeleka kesi ya hivi FCC (Tume ya Ushindani) akasikilizwa, au aliyewabana mawakala mpaka wakakubali. Wenye namba zenu za chesisi nendeni mkaangalie leo, msisubiri lori.

NYONGEZA: Nyie mnaokuja inboksi kuniuzia pampu ya mtumba ya Ilala laki mbili, hiyo mmeitoa kwenye gari kama yangu, mwaka kama wa yangu. Rudieni kusoma uzi.