Pikipiki Virago 535 iliyolala bandani miaka 11: niirudishe orijino au nifunge kienyeji? (Mwanza)

Ngosha_Pasiansi
Habari za jioni wakuu. Mzee wangu alinunua Yamaha Virago 535 kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafanya kazi Sengerema, akaitembelea wee mpaka mgongo ulipomkataza, tangu hapo imekaa bandani huku Pasiansi mwaka wa 11 sasa, kuku wametagia kwenye siti na nyigu wamejenga udongo ndani ya eksozi. Juzi kaniambia chukua, ila nisisikie umeuza.

Injini haijakamata. Nilichomoa plagi nikatia oili kidogo silinda zote mbili, nikaacha siku tatu, nikazungusha na spana polepole ikaenda. Ila tenki ndani ni kutu tupu, kabureta zimeganda, tairi zimepasuka na kromu imejaa madoa.

Sasa nimegawanyika. Kuna njia ya kuagiza ripea kiti (seti za vipuri vidogo) za kabureta na breki toka nje, nisubiri, nifanye kila kitu kama ilivyotoka kiwandani. Halafu kuna fundi wangu wa mtaani anasema kabureta mbili ni usumbufu, tutoe tufunge moja ya boda ya Boxer, tenki tulikate chini tuchomelee bati jipya, wiki moja tu naingia nayo mjini. Bro anasema niuze vipande vipande, hiyo msinishauri kabisa maana mzee atanilaani. Kazi nafanyia nyumbani, nina spana seti, chaja ya betri na jioni zangu. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

fundi_wa_Igoma
Kabureta ya Boxer USIFUNGE. Mimi ni fundi na hizo Boxer ndo zinanilisha kwahiyo sizidharau, ila kabureta ile imetengenezwa kwa injini ya cc 100 au 150, wewe una 535 yenye silinda mbili. Itawaka ndiyo, itatulia hata silensa (ikinguruma bila kuvuta mafuta) utaipenda, siku ukipanda mlima wa Bugando umevuta mafuta inakosa pumzi, mchanganyiko unakuwa mkavu yaani hewa nyingi mafuta kidogo, injini inachemka na hii haina rejeta inapoozwa na upepo tu. Mwisho wake pistoni inatoboka halafu utasema Yamaha mbovu.

Kabureta zako za Mikuni fungua moja moja, usichanganye vifaa. Jeti, vile vipande vyenye tundu la kupitisha mafuta, zitoe zote, angalia kwenye mwanga kama tundu linaonekana, usichokonoe na waya wa chuma tundu likitanuka basi. Daiframu, ule mpira mwembamba wa juu, usiupulizie dawa ya kusafishia kabureta maana unavimba. Kuipima ni rahisi, nyanyua silaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka chini ya daiframu, kwa kidole, ziba njia ya hewa ya daiframu, achia. Ikishuka taratibu mpira mzima, ikidondoka pa! umetoboka. Ukiwa mzima pengine hata huhitaji kuagiza vingi, oringi (vipete vya mpira) na sindano za floti, zile zinazofunga mafuta kabureta ikijaa, tu.

kapteni_kirumba
Tenki usikate ngosha. Langu la pikipiki ya XL lilikuwa hivyohivyo, nilitia kokoto ndogo za kuoshwa na siki lita tano, nikaziba mdomo, nikalifunga na blanketi nyuma ya guta la jirani anayebeba matofali Igoma kwenda Kisesa. Kutwa nzima linarushwarushwa njiani, jioni namwaga yanatoka maji meusi kama chai ya rangi. Gharama yangu ilikuwa siki na soda ya dereva.

Shida ni chumvi ya hewa ya ziwani ndo inakula vyuma vyetu, ukimaliza paka oili haraka.

ShangaziSpana
Kapteni kokoto sawa ila chumvi ya ziwa umeitoa wapi, Victoria ni maji baridi, hata chai tunapikia. Kinacholeta kutu ni unyevu, tenki limeachwa nusu mafuta, usiku linapoa umande unashika ndani kwa juu, miaka 11 hiyo.

Ngosha mwanangu, nilifundisha kemia sekondari kabla ya kustaafu ngoja nikupe njia ya umeme kwa kuwa chaja unayo. Kwanza toa petroli yote ya zamani, osha kwa sabuni mara tatu nne mpaka harufu iishe, hapo usifanye haraka. Jaza maji yenye magadi, kama vijiko viwili kwa lita tano, usitie chumvi ya mezani maana inatoa gesi ya klorini. Kipande cha nondo kining'inize katikati KISIGUSE tenki popote, mdomo uzuie kwa plastiki yenye matundu. Waya wa hasi wa chaja kwenye tenki, chanya kwenye nondo. Ukigeuza unakula tenki lako mwenyewe. Yatatoka mapovu, hiyo ni haidrojeni, kwahiyo fanyia uani na mvuta sigara akae mbali. Nondo isiwe steini lesi, ile inatoa sumu ya kromiamu. Acha siku nzima, toa nondo ikwangue, rudisha. Uzuri wake chuma kizima hakiliwi, tofauti na siki ambayo ukisahau siku nne inaendelea kula tu.

Ukishamwaga una dakika chache kabla kutu ya rangi ya chungwa haijarudi, kausha na draya ya nywele, kisha suuza na petroli yenye oili kidogo ndani.

Boda_Mstaafu
Mnamjaza kijana ndoto. Mimi nimeendesha boda miaka 14 hapa Buzuruga, vitu vya kienyeji ndo vimelisha watoto wangu. Sio kila kitu uagize! Siti peleka kwa washonaji wa makochi watakufanyia nzuri kuliko ya Japani. Kebo za klachi na aksileta wanasuka mjini wewe peleka ya zamani tu wapimie. Waya zote zilizoliwa na panya vuta mpya mita kwa mita, taa ya nyuma weka yoyote. Hapo mkiagiza mnajitesa.

Ila kwa kabureta nakubaliana na fundi, na naongeza breki. Kuna jamaa tulikuwa naye kijiweni alitia oili ya injini kwenye breki ya mbele ya diski kwasababu "zote oili", mipira ikavimba breki ikakamata mteremko wa Nyegezi, kavunjika mkono. Tia oili ya breki ya DOT 4 na mipira ya masta silinda iwe mipya hata ungoje mwezi.

Na tairi je mmefikiria? Ya nyuma ni 140/90 rimu ya inchi 15. Boda zote hapa ni 17 na 18, utazunguka Mwanza nzima. Hiyo ndo itakuchelewesha, sio kabureta.

Ngosha_Pasiansi
Wabeja sana wakuu. Tairi sikuwaza kabisa dah. Shangazi magadi ninayo bimkubwa anapikia maharage.

Swali la kijinga, nimefungua siti leo nikakuta kama tenki lingine chini, lina mpira unaunganisha na la juu. Ni la nini?

fundi_wa_Igoma
Sio la kijinga. Virago 535 za mwanzo mwanzo lile la juu lilikuwa urembo tu, mafuta yalikaa chini ya siti, baadaye wakafanya yote mawili yashike mafuta. Kama yameunganishwa basi ni la pili, na ukisafisha la juu ukaacha la chini umefanya kazi bure, kutu yote inashukia hapo ndo pampu inavuta. Maana hii mafuta yanasukumwa na pampu ya umeme, hayashuki yenyewe kama boda.

Pampu ikiwa imekufa USIFUNGE ya gari za injeksheni. Kuna fundi mmoja alifunga, pampu ile inasukuma kwa nguvu mno, sindano za floti zikashindwa kufunga, petroli ikamwagika juu ya injini ya moto, Mungu tu. Tafuta ya gari za zamani za kabureta, zile za presha ndogo.

mtu_wa_Musoma
Tairi 15 na ripea kiti tafuta Nairobi, Kirinyaga Road, eneo la Grogan, mpe mtu wa basi la Sirari. Mimi hupata hivyo vya pikipiki yangu ya Shadow. Piga picha ya tairi la zamani ubavuni namba zisomeke.

Kuhusu kromu sijaona aliyegusa. Maoni yangu achana nayo, kuchovya upya ni ghali na ukikosea fundi inabanduka msimu mmoja wa masika. Chukua foili ya kupikia ikunje, chovya maji, sugua, foili ni laini kuliko kromu kwahiyo haichubui ila inatoa kutu ya juu. Palipoliwa mpaka chini piga msasa, praima, halafu nyeusi ya kuhimili joto kwenye eksozi. Kruza (pikipiki za mtindo huu wa Virago) nyeusi inapendeza bwana, wengine watabisha.

Boda_Mstaafu
Nabisha. Kruza bila kromu ni Boxer imenenepa.

ShangaziSpana
😂 Na oili jamani, klachi ya hii inaogelea kwenye oili ya injini, asitie ile ya magari mapya iliyoandikwa inapunguza matumizi ya mafuta, klachi itateleza. Atafute kopo lenye alama ya JASO MA, ya oili za klachi kama hii, 20W-50 za boda nyingi wanaandika nyuma.

Halafu Ngosha, kabla hujanunua hata oringi moja, kadi iko wapi na namba ya chesisi inafanana?

Ngosha_Pasiansi
Kadi nimeikuta kwenye sanduku la bimkubwa, jina la mzee, namba inafanana, nimemuonyesha akacheka akasema ulidhani niliiba.

Marejesho. Magadi yamefanya kazi, tenki la juu limetoa tope jeusi leo siku ya pili, la chini naanza kesho. Bati la kuchomelea nimemwambia fundi wa mtaani hapana, kanuna kidogo ila siti na waya nimempa yeye. Kabureta nimezipima, ya mbele silaidi imeshuka taratibu vizuri. Ya nyuma imedondoka pa.

fundi_wa_Igoma
Basi orodha yako imekuwa fupi. Daiframu moja ila nunua mbili, oringi, sindano, mipira ya breki, tairi. Vingine vyote vipo hapahapa Mwanza.

mtu_wa_Musoma
Nitumie picha ya tairi inbox, mtu wangu anapanda Nairobi Alhamisi.

kapteni_kirumba
Guta la jirani lipo kama magadi yakikushinda. Kokoto ulete wewe.