Kanisa likiyumba, mlisomaje Neno pamoja? Tupeane uzoefu

Mama wa Mtaa wa Juu (mleta mada)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Uzi huu ni kwa wale ambao kanisa lao limewahi kupasuka, kufungwa au kukimbiwa, na katikati ya hayo watu wakakaa chini kusoma Biblia kwa pamoja. Sisemi mahubiri, wala semina ya mgeni kutoka mjini, wala mkesha wa maombi. Nasema kusoma: mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, sura baada ya sura. Naanza na ya kwetu.

Usharika wetu ni wa Kilutheri, uko Nyanda za Juu Kusini, jina naliacha. Ugomvi ulianzia kwenye fedha za jengo. Wazee wa kanisa wakagawanyika, mchungaji akaonekana ana upande, na kabla ya mwaka kuisha kwaya kuu ilikuwa kwaya mbili zisizosalimiana. Watu waliopata kipaimara siku moja wakawa wanasubiriana watoke kwanza mlangoni wasije wakakutana. Vikao vilifanyika, mihutasari ikaandikwa, kikao kikazaa kikao.

Siku moja wakati wa matangazo akasimama bibi mmoja wa umoja wa wanawake. Akasema, humu ndani tumeshasikia sauti ya kila mtu, ya Bwana ndiyo hatujaisikia siku nyingi. Akaomba tukutane jioni tusome Injili ya Marko yote, na mtu yeyote asihubiri.

Marko ukiisoma bila haraka inachukua kama saa moja na nusu. Bibi akashikilia jambo moja tu: wasomaji wachanganywe, akitoka wa upande huu afuate wa upande ule. Mchungaji alikaa kwenye benchi katikati ya watu akasikiliza kama sisi. Na hapo ndipo nilipoona nguvu ya kitu hiki. Mtu uliyemnunia akisimama kusoma, huwezi kumbishia, maana maneno si yake. Unalazimika kumsikiliza, na kwa kinywa chake unapokea Neno la Mungu wako. Kwa watu ambao hata "shikamoo" ilikuwa imekauka, lile lilikuwa jambo kubwa.

Tulipofika sura ya 9, pale Yesu anapowauliza wanafunzi walikuwa wakishindania nini njiani, nao wakanyamaza kwa kuwa walikuwa wakibishana nani mkubwa, msomaji alikuwa mmoja wa wazee waliokuwa kwenye ugomvi wenyewe. Alisimama kidogo. Kanisa zima likanyamaza. Akaendelea kusoma.

Usiku ule hatukutoka tumepatana, nisiwadanganye. Lakini tuliendelea, jioni moja kila juma: Luka, Matendo, kisha Wakorintho wa Kwanza, ambako Paulo anawaambia watu wanaojiita wa Paulo na wa Apolo kwamba Kristo hakugawanyika. Ni baada ya barua hiyo ndipo wazee wenyewe walipoomba hesabu za jengo zisomwe hadharani, mbele ya kila mtu. Zikasomwa. Familia kadhaa hazijarudi mpaka leo na tunawaombea. Waliobaki tunaimba kwaya moja.

Kwenu ilikuwaje?

Mwanajumuiya, Bonde la Ufa

Tumsifu Yesu Kristo. Nawaandikia kutoka Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jumuiya yetu ndogo ndogo ilibaki kwenye daftari tu. Ilikuwa na watu wa makabila matatu, na baadhi ya nyumba tulizokuwa tukizizungukia kusali ziligeuka majivu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani, wengi wao kina mama na watoto. Baada ya siku hiyo, hata kuingia kanisani kuliogopesha.

Kwaresima ya mwaka huo ilianza tarehe 6 Februari, wakati mkataba wa amani haujatiwa sahihi; ulitiwa tarehe 28. Katekista alipita kwa waliobaki akatuomba tukutane mchana, chini ya mti. Tulitumia njia ya hatua saba, ile iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, ambayo Wakatoliki wengi humu wanaijua. Katika hatua ya tatu hutoi maelezo. Unataja tu neno au kifungu kifupi kilichokugusa, unakirudia polepole kama sala, unanyamaza.

Somo lilikuwa Mathayo 5, mtu anayeleta sadaka madhabahuni. Mama mmoja ambaye ng'ombe wake walichukuliwa alisema, "ndugu yako ana neno juu yako." Akarudia. Akarudia tena. Halafu mzee wa kabila lingine, ambaye sote tulijua wanawe walikuwa wapi usiku ng'ombe wale walipochukuliwa, naye akataja maneno hayo hayo. Hatua ya nne ni kimya. Kile kimya sijawahi kukiona tena.

Hatua ya sita inauliza Bwana anatutaka tufanye nini. Siku hiyo hakuna aliyejibu. Majuma yaliyofuata ng'ombe mmoja alikutwa asubuhi amefungwa kwa mama yule. Aliyemleta hakujulikana, na mama hakuulizia. Wapo waliouza mashamba wakahama kabisa, hilo halikutengenezeka. Lakini jumuiya ilianza upya chini ya ule mti, na hadi leo tukisoma tunaruka mahubiri tunabaki na hatua saba.

Mtoto wa Fizi

Jambo bandugu na badada. Mimi ni Mukongomani. Tulitoka Fizi, Kivu ya Kusini, tukaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, Tanzania, ile iliyofunguliwa 1996 wakati watu wanakimbia vita kuvuka ziwa.

Kanisa letu lilikuwa chini ya turubai. Tulikuwa watu wa madhehebu mbalimbali tuliokutanishwa na kukimbia, Wabembe, Wafuliiru, Wavira. Biblia zilikuwa chache sana, maana anayekimbia usiku anabeba mtoto. Na kulikuwa na shida ambayo sikuielewa mpaka baadaye: kila Jumapili tuliambiwa tumshukuru Mungu tuko wazima. Ni kweli tulikuwa wazima. Lakini watu walikuwa wamezika nusu ya familia zao, wengine hawakupata hata kuzika. Walikuja kanisani, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani wakiwa wamefunga midomo. Wakaanza kupungua.

Mwinjilisti mmoja mzee akasema tusome Maombolezo. Ni sura tano tu. Alisoma kwa Kiswahili, kisha wazee wakakaa na vikundi vidogo wakaeleza kwa Kibembe na Kifuliiru ili hata bibi wa mwisho aelewe. Ndivyo Walawi walivyofanya katika Nehemia 8, walisoma kwa sauti ya kusikika na kueleza maana hadi watu wakafahamu. Sisi hatukujua tunaiga mtu. Haja ndiyo iliyotufundisha.

Sura ya mwisho inasema nyumba zetu zimekuwa za wageni, tumekuwa yatima, maji yetu tunayanywa kwa fedha, kuni zetu tunauziwa. Kuni! Wale mama walikuwa wakitoka kambini kutafuta kuni, na kila mmoja alijua mwenzake aliyedhuriwa porini kwa ajili ya kuni. Mmoja akapiga ukelele, halafu mwingine. Watu wakalia kama kwenye matanga, na hakuna mchungaji aliyewanyamazisha. Tangu siku ile watu wakaanza kurudi, kwa sababu waliona Biblia inajua kilichowapata. Furaha nayo ilikuja, lakini ilikuja baadaye, tena ilikuwa ya kweli.

Naandika haya sasa niko mbali sana na Kasulu, na ndugu zangu wa Kivu bado wanakimbia. Kanisa lolote lenye watu waliofiwa, ninawaomba, msiruke Maombolezo.

Msharika wa zamani, Dar

Nawaheshimu wote mlioandika, na nimesoma kwa machozi hasa huyu wa Nyarugusu. Lakini na upande wa pili usemwe. Kwenye kanisa nililokuwa nikisali, waumini walipouliza hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani, kiongozi alitangaza siku za kusoma Neno pamoja. Tukaitwa kila jioni. Na kila jioni, andiko lilichaguliwa na yeye: msiwaguse masihi wangu. Uasi wa Kora dhidi ya Musa. Miriamu kupigwa ukoma kwa kumsema Musa. Aliyeuliza tena akaonekana anampinga Mungu. Niliondoka nikiwa siwezi hata kufungua Biblia. Kwa hiyo mkisema kusoma pamoja kunaponya, mimi nauliza: nani anachagua cha kusoma?

Mama wa Mtaa wa Juu (mleta mada)

Kaka au dada yangu, asante kwa kusema, na pole sana. Swali lako ndilo kiini cha mada hii.

Ndiyo maana nashikilia kitabu kizima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo "msiwaguse masihi wangu" iko Zaburi 105. Zaburi hiyo ikisomwa kutoka juu, utakuta masihi wanaotajwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wanahama taifa hata taifa, na wanaokaripiwa ni wafalme. Yaani Mungu anawalinda wasio na kiwanja dhidi ya wenye mamlaka. Aliyewasomea mstari mmoja aliugeuza kichwa chini miguu juu.

Na kuhusu mali, tazama Nehemia amepangwaje. Sura ya 8 watu wamekusanyika mbele ya Lango la Maji, Ezra anasoma tangu mapambazuko hadi adhuhuri, wanalia, wanaambiwa furaha ya Bwana ni nguvu zao. Sote tunaipenda. Lakini sura ya 5 iko kabla yake. Huko maskini wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na watoto wao kwa ndugu zao Wayahudi, na Nehemia anawasimamisha wakuu hadharani hadi wanarudisha mashamba, nyumba na riba. Mfalme Yosia vilevile: kitabu cha torati kilipatikana wakati fedha za matengenezo ya hekalu zinakabidhiwa kwa mafundi, na imeandikwa kwamba mafundi hao walitenda kwa uaminifu. Kisha mfalme akawasomea watu wote, wadogo kwa wakubwa, naye mwenyewe akiwa wa kwanza kurarua mavazi yake. Kiongozi asiyekubali Neno limsome yeye kwanza, huyo hajaitisha usomaji. Ameitisha kikao chake.

Mwalimu wa Historia

Naongeza mawili mafupi. Madagaska, Malkia Ranavalona wa Kwanza alipiga marufuku Ukristo kwa raia wake mwaka 1835, mwaka uleule Biblia ya Kimalagasi ilipokamilika kuchapwa. Wamisionari waliondoka. Wakristo wakabaki na vitabu, wakavificha, wakikutana kwa siri kusoma. Wengi waliuawa, wapo waliotupwa kutoka jabali la Ampamarinana kule Antananarivo mwaka 1849. Malkia alipofariki 1861, Wakristo walikuwa wengi kuliko siku ya marufuku. Bila mchungaji mgeni hata mmoja kwa miaka mingi!

Na Uamsho wetu wa Afrika Mashariki: Septemba 1929, daktari Joe Church alifika Kampala kutoka Gahini, Rwanda, amechoka roho na mwili baada ya njaa kuu. Akakutana na Simeon Nsibambi pale Namirembe, wakaketi siku mbili na Biblia, wakifuatilia habari za Roho Mtakatifu. Mzungu na Mganda, enzi za ukoloni, wote wanafunzi wa kitabu kimoja. Walokole waliotokea humo walienea hadi Bukoba na Kenya ya kati.

Mjukuu wa Shosho, Nairobi

Yangu ni ya corona. Nyumba za ibada zilipofungwa Kenya Machi 2020, kanisa letu lilianza ibada za mtandaoni, lakini wazee wetu hawana bando wala simu za maana. Kikundi cha vijana tukaanza kusoma Matendo ya Mitume kwa kurekodi sauti kwenye WhatsApp, sura moja kila siku, kila mmoja zamu yake, na kila kijana alikuwa na mzee wa kumchezea karibu na mlango. Shosho wangu, yaani bibi yangu, hakujua kusoma. Alikuwa ananiuliza, "Leo Paulo amefika wapi?" Alipolala mwaka uliofuata, vijana wale wote walikuja mazishini, na wengine hawakuwahi kuonana naye uso kwa uso. Walimjua kwa maswali yake.

Mgeni humu

Sisi mchungaji wetu amehama ghafla na watu wameanza kutawanyika. Tumekubaliana tuanze Ijumaa. Tutumie tafsiri gani, na tuanze wapi?

Mama wa Mtaa wa Juu (mleta mada)

Karibu, mpendwa. Tafsiri iwe moja kwa wote, ili watu wasiishie kulinganisha maneno. Kama vijana ni wengi, chukueni Habari Njema. Kama wazee wamezoea Union Version, basi hiyo, na anayesoma aipitie nyumbani mapema asije akajikwaa. Wasomaji wawe kina mama, vijana, wazee, na mmoja angalau awe mtu anayefikiria kuondoka. Msianze na kitabu kirefu. Wagalatia husomeka kwa dakika kama ishirini, na iliandikwa kwa makanisa ambayo mwalimu wao alikuwa ameondoka, watu wengine wakaingia kuwavuruga. Isomeni mara mbili jioni ileile, wasomaji tofauti. Kisha rudini hapa mtuambie.