Senta gani wa chuo cha Marekani nimpe kijana amsome: Alcindor, Walton, Ewing, Hakeem au Hasheem?

KochaUfukweni:
Wakuu, salaam. Likizo imefika. Kuna kijana mrefu kwenye timu yangu ya kikapu nataka nimpe senta (mchezaji mrefu wa karibu na ringi) mmoja tu wa kumtazama kwenye video, mechi nzima, siyo vipande vya madoido. Nataka wa chuo, siyo NBA. Nimebaki na watano: Lew Alcindor wa UCLA (kabla hajaitwa Kareem Abdul-Jabbar), Bill Walton wa UCLA, Patrick Ewing wa Georgetown, Hakeem Olajuwon wa Houston, na Hasheem Thabeet wetu wa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut). Bando halitoshi wote. Nichukue nani? Nawasilisha.

PostiChini:
Mrefu kiasi gani? Kilo ngapi? Mkono gani? Amecheza kwa muda gani? Mkuu, umekuja kuomba dawa bila kutaja ugonjwa.

Mzee wa Ubao:
Walton. Funga uzi. Fainali ya vyuo ya 1973 dhidi ya Memphis State: mashuti 22, yameingia 21, pointi 44. Na wakati huo danki (kuusukumia mpira ndani ya ringi kwa mkono kutoka juu) ilikuwa marufuku vyuoni, tangu baada ya msimu wa 1967 hadi 1976. Maana yake kila mpira aliodaka juu ilibidi aulaze kwenye ubao au auachie taratibu juu ya ringi. Kijana akimwona huyo atajifunza vidole. Akianza na danki hatajifunza kitu kingine.

Dada_Ribaundi:
Mzee, 21 kati ya 22 ni nusu ya habari. Gadi wake Greg Lee alitoa asisti (pasi za kufungisha) 14 siku ile, nyingi ni pasi za juu kwa Walton. Kocha, una gadi wa kurusha pasi ya hivyo? Kama huna, kijana atasimama pale chini ya ringi mkono juu hadi refa ahesabu sekunde tatu, muda wa mwisho wa mshambuliaji kukaa pale.

Refa_wa_Pwani:
Kabla hamjachagua, mjue hizo video hazichezwi kwa sheria zetu.

Eneo la sekunde tatu la vyuo vya Marekani lina upana wa mita 3.66. La FIBA (shirikisho la kikapu la dunia, tunalofuata sheria zake) ni mita 4.9. Senta wa chuo akisimama posti (mahali pake karibu na ringi) nje ya mstari, kila upande yuko karibu na ringi kwa zaidi ya nusu mita kuliko kijana wako. Hatua moja inayomfikisha Alcindor kwenye ubao, kwa kijana wako ni hatua moja na kudunda mara moja.

Pili, saa ya shuti, yaani muda timu iliopewa kupiga shuti. Alcindor, Walton, Hakeem na Ewing walicheza kabla vyuo vyote havijawekewa saa hiyo. Ilianza msimu wa 1985–86 kwa sekunde 45. Sisi tuna 24. Ule utulivu wa kurudisha mpira nje mara tatu usiuige.

Tatu, mpira ukishagusa ringi, FIBA inakuruhusu kuufagia kwa mkono. Chuo hakiruhusu ukiwa bado juu ya ringi. Senta anayesoma video za chuo peke yake ataogopa kugusa mpira ambao ni halali kwake.

Yanayofanana: faulo tano unatoka, na mlinzi anaruhusiwa kukaa ndani bila kuhesabiwa sekunde tatu. Hapo kweli chuo kiko karibu nasi kuliko NBA.

KochaUfukweni:
Ahsante, refa. Kijana ana miaka 16, sm 206, kilo 78, ameanza kikapu mwaka jana. Anapiga bloku (kuzuia mashuti) vizuri.

PostiChini:
Mkono hujasema. Ila kilo 78 zinatosha kunijibu: mtoe Ewing. Georgetown ya kocha John Thompson ilikuwa ya kusukumana, na Ewing alikuwa na mwili wa kazi hiyo. Kwenye fainali ya 1982 alianza kwa kupiga kila kitu kilichoruka, na pointi za mwanzo za North Carolina zote zilitokana na yeye kugusa mpira unaoshuka, ambao refa huuhesabu kama umeingia. Walifungwa 63–62. Zihesabu hizo zawadi, halafu uitazame tofauti ya mwisho.

Hoops_Mombasa:
Hilo la Ewing lilikuwa la kutisha watu, bana. Anawaambia mapema kuwa ndani kumefungwa.

PostiChini:
Vitisho havina safu kwenye karatasi ya pointi.

Dada_Ribaundi:
Kwa kijana wa hivi ni Hasheem. Alianza kikapu Dar akiwa na miaka 15 hivi, akafika UConn ya kocha Jim Calhoun mwaka 2006 akiwa mlinzi wa ringi tu, akaondoka 2009 na bloku 417 na kuchaguliwa wa pili NBA. Januari 2009 dhidi ya Providence: pointi 15, ribaundi (mipira ya mashuti yaliyokosa aliyoidaka) 11, bloku 10. Mtazame miguu, haruki kwanza. Anasubiri mpira utoke mkononi, ndiyo anainua mkono.

Lakini kijana aione na mechi ya Pittsburgh, tarehe 16 Februari 2009, yote. UConn walikuwa namba moja nchini. DeJuan Blair wa Pittsburgh ana sm 201 hivi, Hasheem sm 221. Blair akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Hasheem pointi 5 na ribaundi 4. Kuna mahali walikumbatana wakigombea mpira, Hasheem akapitishwa juu ya bega la Blair hadi chini. Watu huishia kucheka hapo, ila chanzo ni kile kinachotokea kabla shuti halijapigwa. Blair anakunja magoti mapema, anaweka makalio kwenye mapaja ya mwenzake na kumsogeza hatua moja nje. Shuti linapotoka Hasheem yuko wima, magoti yamenyooka, mikono iko juu tayari. Sm 20 za ziada hazina kazi kama umesimama mita mbili na nusu kutoka ringi na mtu amekukalia mapajani.

Zoezi lake: wawili ndani, kocha anapiga shuti. Mrefu haruhusiwi kuinua mikono mpaka amgeukie mtu wake, amguse kwa mkono wa mbele na kumkalia kwa sekunde mbili. Mpira ukidunda chini kabla hajaudaka, sawa, mradi mpinzani hajaugusa.

Mzee wa Ubao:
Mnamsahau Alcindor. Mechi 88 za kushinda, 2 za kupoteza, ubingwa mara tatu.

Hoops_Mombasa:
Na moja ya hizo mbili, ya Astrodome Januari 1968, alicheza jicho lake likiwa limekwaruzwa. Elvin Hayes wa Houston akafunga 39, Houston 71–69. Kwenye nusu fainali UCLA wakawarudishia 101–69.

Kocha, skaihuku ya Alcindor (shuti la mkono mmoja ulionyooshwa juu ya kichwa) inamfaa mwembamba kuliko kitu chochote. Kwa wa mkono wa kulia: pokea mpira kifuani usiushushe, piga hatua na mguu wa kushoto sambamba na mstari wa mwisho, bega la kushoto limwelekee mlinzi, inua goti la kulia, nyoosha mkono wote na uachie juu kabisa. Wengi hukosea kwa kuinua mkono kabla ya goti, mpira unatoka bapa na kugonga mbele ya ringi.

PostiChini:
KWA WA MKONO WA KULIA. Kocha bado hajajibu.

Mzee wa Ubao:
Na Hakeem? Ile miguu!

Refa_wa_Pwani:
Miguu unayoikumbuka, Mzee, ni ya NBA. Hakeem wa Houston alikuwa bloku, ribaundi na danki. Nusu fainali ya 1983 dhidi ya Louisville: pointi 21, ribaundi 22, bloku 8. Fainali wakafungwa 54–52 na NC State kwa danki ya Lorenzo Charles, aliyedaka shuti la mwenzake lililopungua mbele ya ringi bila mtu kumfungia. Ni somo lilelile la dada hapo juu.

Hoops_Mombasa:
Tukihesabu bloku, David Robinson wa Navy anawazidi wote. 207 msimu wa 1985–86.

Dada_Ribaundi:
NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani) ilianza kuziweka bloku kwenye rekodi rasmi msimu huohuo. Huwezi kumlinganisha na Walton ambaye hakuhesabiwa.

Mzee wa Ubao:
Wangemhesabia Walton mngehama mji.

KochaUfukweni:
Samahani wakuu, nilikuwa uwanjani. Ni wa mkono wa kushoto.

PostiChini:
Basi maelezo yote ya skaihuku yageuze. Na sasa nataka kujua anapokelea upande gani wa ringi.