Sensa za joto maabara zinanisumbua, naomba ushauri kabla ya ukaguzi

NusuLita (mleta uzi): Habari wakuu. Niko maabara ya kiwanda cha dawa, udhibiti ubora. Tumefungiwa sensa za joto kwenye friji, friza ya nyuzi -80 na chemba za sampuli za majaribio ya uthabiti (kuona dawa inakaa muda gani bila kuharibika). Zinatuma vipimo mtandaoni mchana kutwa na usiku kucha, joto likivuka mpaka simu inalia. Shida ni kwamba zinapiga kelele ovyo, na wakaguzi wanakuja. Nafikiria kuomba zitolewe, turudi kwenye daftari kwanza. Imekaaje hii?

Fundi Waya: Mkuu, hizo kelele ni ufungaji mbovu. Kwenye friji, ncha ya sensa itumbukize kwenye kichupa cha gliserini. Ikining'inia hewani, kila mlango ukifunguliwa inalia wakati dawa yenyewe haijapata joto. Kwenye -80, kisanduku cha kurushia data kikae nje, waya tu ndio upite ndani. Chuma kinaziba mawimbi, na betri haipatani na baridi ile. Mnatumia WiFi au LoRa (redio ya masafa marefu)?

Mama Chanjo: Mwanangu, mimi nimetunza chanjo, nyuzi 2 hadi 8, daftari asubuhi na jioni, usiku tunamwachia Mungu. Siku moja tulikuta chanjo ya pepopunda imeganda. Ile ikiganda imekufa, tukaitupa yote huku akina mama wamepanga foleni na watoto. Hadi leo naziona nyuso zao. Wewe una mlinzi asiyelala, unamfukuza?

Kijana wa Mbagala: Zipo za kufunga kwa mume? Shemeji yenu anaulizia 😂

Tarakimu: NusuLita, kengele zinazokukera ni za friji au za chemba?

NusuLita: Friji nyingi. Chemba mara moja tu.

Tarakimu: Hiyo mara moja, daftari linasemaje?

NusuLita: Umeme ulikatika usiku, jenereta ikagoma. Chemba ya nyuzi 30 ikafika 36 hadi alfajiri. Daftari la zamu ya usiku linasoma 30. Saini ni yangu. Lakini tuelewane jamani, chemba ile haijawahi kuyumba na zamu zote hujaza hivyo. Sensa yenyewe nimeshaiandikia fomu itolewe, sababu matengenezo.

Mtumishi: Hofu ya Mungu iko wapi? Dawa hiyo anaimeza mtoto wa mtu.

Tarakimu: Ukiitoa sensa, rekodi inabaki kwenye seva. Halafu ICH Q1A, mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya uthabiti wa dawa, haudai mashine isiyoharibika. Ikiharibika, unachunguza athari, na ukiona imegusa matokeo unaripoti. Majaribio ya kasi, yale ya kuichakaza dawa haraka makusudi, huweka sampuli nyuzi 40 na unyevu asilimia 75 kwa miezi 6, kwa hiyo 36 ya usiku mmoja unaweza kuitolea hoja. Kipimo ambacho hukusoma utakitolea hoja gani?

Jicho la Mwewe: Wakuu, tunanyweshwa chai hapa. Umeme hakuna, ruta imezima, sensa ilitumaje vipimo hadi alfajiri?

Fundi Waya: Inawezekana. Yenye betri na kumbukumbu hutunza vipimo, ruta ikiwaka inavimwaga vyote na saa zake.

Jicho la Mwewe: Basi simu isingelia usiku. Weka picha ya grafu.

NusuLita: Nani kasema ililia usiku ule? Ilikuwa kimya, ndiyo maana niliamini mambo yako sawa! Ujumbe uliingia asubuhi, nilishajaza. Picha siweki, ni mali ya kazini.

Kijana wa Mbagala: Chai ya tangawizi 😂

Mama Chanjo: Mwacheni. Hata ikiwa hadithi, kuna mtu humu yamemkuta hayo hayo.

Tarakimu: Picha hatuihitaji. Fomu iko wapi sasa?

NusuLita: Kwa mkuu wa ubora tangu Ijumaa. Hajaisoma.

Tarakimu: Usiichomoe kimyakimya. Nenda na grafu, andika taarifa ya tukio, omba fomu ifutwe kwa utaratibu. Ruta iwekewe UPS (betri ya akiba), jenereta ipimwe, na sampuli za chemba ile zitathminiwe.

NusuLita: Nikiandika taarifa ya umeme tu, daftari nisilitaje?

Tarakimu: Hapana. Anza na daftari.