Tupeane uzoefu: siku uliyomhudumia mwenye shida (au ulipohudumiwa wewe) kwa upendo wa Kristo

MamaJumuiya
Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana asifiwe kwa ndugu zangu walokole. Wapendwa naomba tupeane uzoefu, maana Mathayo 25 tunaisoma kila mwaka, nilikuwa na njaa mkanipa chakula, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, ila ukifika pale kitandani ndo unagundua hujui hata uanzie wapi.

Naanza mimi. Kwaresma moja jumuiya yetu tulichanga tukaenda wodi ya watoto, sabuni za mche, sukari, unga wa uji, kila kitu kimefungwa vizuri. Tukapita kitanda kwa kitanda, tunasali, tunaacha kifurushi, tunasogea. Nikafika kwa binti mmoja wa miaka kama 20 hivi, mwanae ana homa ya mapafu, kamng'ang'ania mama yake kama kupe. Nikampa sabuni akanishukuru, akaiangalia, halafu akasema kwa sauti ya chini sana, "mama samahani, unaweza ukanishikia mtoto nikaoge?" Alikuwa na siku ya tatu hajaoga wala hajafua, katoka kijijini peke yake, hana ndugu mjini, akimlaza mtoto analia mpaka anakosa pumzi. Nikavua viatu nikapanda kitandani nikampakata. Wenzangu wakaendelea na kitanda kinachofuata, mimi nikabaki pale zaidi ya saa nzima. Alivyorudi kajifunga kitenge kisafi, nywele bado zinachuruzika maji, akakaa akaanza kulia, na mimi nikalia. Kumbe sabuni angeweza kuazima kwa jirani, mikono ya kumpokea mtoto ndo alikosa.

Toka siku ile swali langu la kwanza ni "nikusaidie nini", kifurushi baadaye. Karibuni wapendwa.

Mwana wa Kagera
Mimi ni upande wa kuhudumiwa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, nyumba yetu pale Bukoba ukuta wa nyuma ulidondoka wote na huku mbele pakabaki nyufa unaingiza mkono. Tukalala nje na watoto maana ardhi ilikuwa inatikisika tikisika bado na hakuna aliyethubutu kuingia ndani hata kuchukua blanketi. Misaada ilikuja baadaye, turubai na vitu vingine, nashukuru sana. Lakini ninayemkumbuka ni mzee mmoja wa usharika wa jirani, mimi wala si Mlutheri, alikuja na mkungu wa ndizi begani akaumenya yeye mwenyewe akisaidiana na mke wangu, mwanaume mtu mzima kakaa chini na kisu anamenya ndizi. Na kesho yake akarudi, na kesho kutwa, hana mkungu tena, kaja tu kukaa na sisi giza likiingia kwa sababu alishaona watoto wangu wanaogopa usiku. Anawapigia hadithi mpaka wanalala ndo anaondoka. Nyumba yake na yeye ilikuwa imepata nyufa, nilikuja kujua baada ya wiki mbili na kwa kuambiwa na watu wengine.

kijana_wa_kwaya
Mzee wa kumenya ndizi kanigusa sana aisee. Mimi nina moja fupi na inaniuma. Tulipeleka blanketi kwa bibi mmoja anaishi mwenyewe, tukamsimamisha mlangoni tukapiga picha, tukarusha kwenye grupu. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani. Nilipomfuata akaniambia "mjukuu wangu, wanangu wako mjini, wameiona." Nilimpigia magoti. Tukafuta lakini ilishasambaa. Mathayo 6:3 naijua toka Sunday school, mkono wa kushoto usijue unalofanya wa kuume, na bado nilishika simu.

Mkenya Halisi
Poleni kijana, angalau ulirudi ukaomba msamaha, wengi hatukurudi. Hapa Nairobi mafuriko ya 2024, ile ya Aprili, Mathare maji ilibeba kila kitu. Kanisa yetu tukafungua ukumbi watu walale, na michango ikaja nyingi, unga, unga, unga na nguo. Siku ya pili mama mmoja akatuuliza kwa heshima, "hii unga nitapikia wapi?" Hakuna jiko, hakuna sufuria, hata mwiko ilienda na maji. Packet za unga zimejaa ukutani na watoto wanalala njaa! Tukakimbia kutafuta masufuria kubwa za kupikia harusi, akina mama wenyewe wa Mathare ndio wakashika usukani wa jikoni, sisi tukawa wa kuchota maji na kukatakata sukuma wiki. Chakula ilianza kutoka siku hiyo.

Binti wa Makete
Mnanikumbusha marehemu mama yangu. Alikuwa anahudumia wagonjwa majumbani kupitia kanisa, enzi zile kabla ya 2004, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure, na kwetu watu walikuwa wanazika kila wiki. Watu walikuwa hawataki hata kumpa mgonjwa mkono. Nilimsindikiza mara moja nikiwa darasa la tano, kwa kaka mmoja aliyebaki mifupa. Nilitegemea mama ataanza na sala. Akaomba maji ya moto kwenye beseni, akamloweka miguu, akamkata kucha, kidole kimoja kimoja taratibu, anamwambia habari za mahindi na nani kaolewa. Yule kaka alifumba macho akawa anatabasamu. Sala ilikuja mwisho, na ilikuwa fupi.

kijana_wa_kwaya
MamaJumuiya nataka kuja na mimi, niko Mwanza hapa hapa. Nije na nini? Simu naacha nyumbani.

MamaJumuiya
Karibu sana mwanangu. Tunaenda kila Alhamisi saa ya kuona wagonjwa, tunakutana getini saa sita kamili, tukiingia tunaanza kwa sista wa zamu anatuambia kitanda gani hakijapata mgeni wiki nzima, tunaenda hicho. Ukipata khanga mbili tatu zilizochoka njoo nazo, za kumbebea mtoto mgongoni wakati mama yake anafua.