Kumsindikiza mtoto chuoni: machozi niyapeleke wapi?

MamaKifunguaMimba

Habari zenu wazazi wenzangu. Kijana wetu wa kwanza anahamia bweni la chuo wiki tatu zijazo. Mizigo haina shida, orodha ipo. Mwenye shida ni mimi. Naomba majibu ya vitendo, si "utazoea tu".

1. Mbona tunagombana kila siku, na muda uliobaki ni huo mchache?
2. Siku yenyewe niagane naye vipi bila kuangua kilio mbele ya wenzake?
3. Nimpigie simu mara ngapi? Na akipiga huku analia, nifanye nini?
4. Huzuni ikifika kiwango gani nijue sasa ni daktari?

Baba yake anasema nakuza mambo. Yeye mwenyewe tangu juzi anakagua tairi za gari kila asubuhi.

MnasihiWaFamilia

Shikamoo mama. Nianze na hizo tairi: huko kuzikagua ndiko kulia kwake. Kuna mzazi anayetoa machozi na kuna mzazi anayeshika spana. Usimwite mkavu, mpe kazi ya kweli, kama kupanga safari, kupima mizigo au kufunga rafu, na mwache aifanye pamoja na kijana.

Kuhusu "kukuza mambo": mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe walitunga mizani ya matukio 43 yanayomchosha binadamu. Kufiwa na mwenzi alama 100, kufunga ndoa 50, mtoto kuondoka nyumbani 29. Ugomvi na wakwe nao ulipewa 29, kwa hiyo anayekwambia ni jambo dogo mwulize kama ugomvi na mama mkwe ni jambo dogo. Cha maana zaidi katika mizani ile ni kwamba alama hujumlishwa. Kama mwaka huohuo mmebadili kazi, mmehama nyumba au kuna mgonjwa, usitegemee kuwa imara kama jirani yako ambaye hana hayo.

Sasa ugomvi. Ni rahisi zaidi kuiacha nyumba uliyoikasirikia kuliko nyumba unayoipenda, na kijana hulifanya hilo bila kujua. Upande wa mzazi, hofu hugeuka amri: "osha sahani", "ulikuwa wapi", "hujafunga begi". Mnagombania sahani, lakini sahani haihusiki.

Chagua mambo matatu tu ambayo hayana mjadala: vyeti na nyaraka, dawa zake kama anazo, na mpango wa fedha. Mengine yaache yaende, hata chumba kikiwa kama ghala. Amri ya saa za kurudi ilegeze wiki mbili kabla, kwa sababu huko atajipangia mwenyewe. Heri akosee kidogo ukiwa karibu. Kufua, kutumia akaunti ya benki, kumweleza daktari anaumwa nini, afanye yeye na wewe usimame mikono nyuma. Halafu tengeni kikao kimoja cha nusu saa kwa ajili ya mawaidha yote. Kikiisha, kimeisha. Wazazi wengi huharibu usiku wa mwisho kwa kumimina mawaidha ya miaka 18 kwa mkupuo, na mtoto anachosikia ni "sikuamini".

Hisia zako mwambie mara moja, kwa maneno mafupi, siku kadhaa kabla ya safari: "Nitakukumbuka sana, na nafurahi unakwenda. Yote mawili ni kweli. Huko kukukumbuka ni kazi yangu, si yako." Ukificha kabisa, atakisia, na mara nyingi atakisia vibaya.

MatroniWaBweni

Nijibu la pili, ndiyo kazi yangu.

Fikeni mapema katika muda mliopangiwa, mkiwa mmelala na mmekula. Machozi mengi ya siku ile ni njaa na uchovu vikichanganyika na huzuni. Usajili na ufunguo kwanza. Kabla ya mizigo kuingia, kagueni chumba: kitasa, dirisha, taa, soketi, godoro, kabati. Chochote kibovu kipigwe picha na kiandikwe kwenye fomu ya kupokea chumba, la sivyo mwisho wa mwaka atadaiwa yeye. Kwenye madawati ya usajili simama hatua mbili nyuma yake. Akiulizwa jina, ajibu yeye. (Mtashangaa ni wazazi wangapi hutaja jina la mtoto aliyesimama palepale.)

Kazi yako chumbani iwe moja: tandika kitanda. Mikono ikipata kazi moyo hutulia, na usiku wa kwanza, hata vitu vingine vikiwa bado kwenye maboksi, ana pa kulala. Meza na kabati usiguse. Ukimpangia, hatajua kitu kiko wapi, na utakuwa umeshagawa nafasi ambayo ilipaswa kugawanywa na wao wawili. Kama mwenzake wa chumbani hajafika, usimchagulie mwanao kitanda cha dirishani. Mwaka wao unaanza na kinyongo ambacho hawakukitafuta.

Saa ya kuondoka itajeni kabla ya kutoka nyumbani. Saa mbili hadi tatu baada ya kupata ufunguo zinatosha, na jioni isikukute pale. Jioni ya kwanza ndipo wanafunzi wageni hutoka pamoja na kujuana, na asiyetoka kwa sababu mama bado yupo huwakuta wenzake kesho wameshapata makundi.

Kuagana kufanyike kwenye gari au getini, si chumbani. Ukiagana naye chumbani, wewe unaondoka na yeye anabaki ameketi kitandani akitazama mlango. Ukiagana naye getini, ni yeye anayegeuka na kwenda mahali. Dakika tano zisizidi. Maneno yaandaliwe, kwa sababu pale hayaji.

Machozi kidogo si aibu wala hayamdhuru. Kinachodhuru ni yeye kulazimika kukubembeleza wewe. Lile donge kooni ni misuli inayotaka kuiacha njia ya hewa wazi wakati wewe unajitahidi kumeza. Kunywa funda la maji, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, rudia mara tano au sita. Halafu, tafadhali, usishike usukani papo hapo. Aliyetulia aendeshe, au egesheni dakika 20 mahali ambapo yeye hawaoni.

Ukipenda, mwandikie barua kwa mkono, nusu ukurasa, isiyo na wosia hata mmoja.

MshauriWaWanafunzi

Simu ndizo zinazoumiza wazazi kuliko siku ya kuhama, kwa hiyo nitarefusha kidogo.

Makubaliano yafanyike kabla hajaondoka. Mpango unaofanya kazi kwa wengi ni simu moja ndefu kwa wiki, siku na saa inayojulikana, na mwenye kupiga ni yeye. Katikati mtumiane picha na ujumbe usiodai jibu. Kuna tofauti kubwa kati ya "nimeuona mti huu nikakukumbuka" na "mbona kimya?" Wa kwanza ni zawadi, wa pili ni deni. Na usikeshe ukichungulia tiki za bluu. Amesoma, yuko darasani, basi.

Kubalianeni pia juu ya ukimya. Kwa mfano: ukimwuliza swali la moja kwa moja na saa 48 zikapita bila jibu, utapiga; asipopokea, utampigia mwenzake wa chumbani au ofisi ya bweni. Namba hizo akupe yeye mwenyewe, akijua ni za kazi gani. Kikomo kikishakuwepo, hofu ya saa tano za kimya inakuwa na pa kusubiri. Kufuatilia simu yake kwenye ramani sikushauri. Ile nukta hukuonyesha alipo, haikuonyeshi hali yake. Ukiiona saa nane za usiku iko mahali usipopajua, utakesha wewe wakati yeye anajisomea na wenzake. Kama mnaitumia, iwe kwa ridhaa yake.

Sasa simu ya kilio. Tarajia angalau moja katika wiki za mwanzo, mara nyingi jioni au mwisho wa wiki, wenzake wakionekana kama wote wamepata marafiki. Jinsi inavyokwenda ni hivi: anautua mzigo wote kwako, anakata simu, anajisikia mwepesi, anakwenda kula. Wewe unabaki na mzigo usiku kucha. Kesho unampigia ukiwa na mpango wa kuhamisha chumba, naye anauliza, "Kuhusu nini, mama?"

Basi, dakika kumi za kwanza sikiliza tu. Kisha uliza: "Unataka nikusikilize, au tutafute njia pamoja?" Akisema msikilize, msikilize kweli. Uliza mambo manne ya mwilini: amekula, amelala, amehudhuria vipindi, ameongea na mtu yeyote leo ana kwa ana. Halafu mwulize nani huko anaweza kusaidia, maana pale chuoni wapo: mlezi wa bweni, mwanafunzi wa mwaka wa juu, ofisi ya ushauri. Malizeni kwa hatua moja ndogo ya kesho na saa mtakayoongea tena. Saa 24 zipite kabla hujafanya lolote. Usipige simu ofisini kwa niaba yake, usifunge safari. Ukimwokoa katika tatizo ambalo angelimaliza mwenyewe, umemwambia haliwezi.

Yapo yasiyosubiri saa 24. Akitaja kufa au kujidhuru, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akipigwa, akidhalilishwa, akiwa hajala au kulala kwa siku kadhaa, akizungumza maneno yasiyoeleweka: piga namba ya dharura ya chuo na usimwache bila mtu wa kukaa naye. Homa kali pamoja na kichwa kuuma na shingo kukakamaa ni hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu homa ya uti wa mgongo husambaa kirahisi watu wanapoishi wamebanana.

Maneno ya kuepuka: "nyumba imepoa bila wewe", "mdogo wako hali chakula", "baba yako amekonda". Unadhani unamwonyesha upendo, yeye anasikia kwamba kuondoka kwake kumeharibu kitu. Na asirudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Ziara ya kwanza iwe baada ya wiki nne hadi sita.

MuuguziAfyaYaAkili

Hapo kwenye wiki nne hadi sita napingana nawe kidogo, ndugu. Si idadi ya wiki inayotuliza, ni kujua tarehe. Mtoto na mzazi wenye siku iliyotiwa alama kwenye kalenda huvumilia hata wiki kumi. Wasio na tarehe huhangaika siku ya tatu. Wekeni tarehe kabla ya kuagana, hata iwe ya mbali.

Nyumbani sasa. Saa inayouma inajulikana: ile aliyozoea kuingia mlangoni. Ipangie shughuli ya kutoka nje ya nyumba kwa wiki tatu za mwanzo. Chungu nacho kitakuumbua, utapika kwa kipimo cha zamani. Punguza kipimo mapema, la sivyo kila kiporo kitakuwa msiba mdogo. Chumba chake kiache kama kilivyo hadi likizo ya kwanza. Kama nafasi ni finyu na kinahitajika, mwambie kabla hajaondoka na afungashe mwenyewe. Kukuta kimegawiwa bila taarifa ni jeraha linalokumbukwa. Mdogo aliyebaki asigeuzwe mbadala wa kaka yake.

Usijilazimishe kuwa sawa, wala usijifungie kulia. Margaret Stroebe na Henk Schut, katika maelezo yao ya mwaka 1999 kuhusu waliofiwa, walionyesha kwamba mtu hupona kwa kwenda na kurudi kama bembea: muda wa kuuguza huzuni, muda wa kushughulika na maisha. Mtoto hajafa, lakini bembea ni ileile. Wanaofaidika na kuandika wajaribu njia ya James Pennebaker: dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, andika bila kuhariri na asisome mtu. Siku zile unaweza kujisikia vibaya kidogo, ni kawaida, ikizidi, acha.

Mkijisikia nafuu kwamba nyumba imetulia, msijihukumu. Nafuu si ukosefu wa upendo.

Daktari ni lini? Huzuni ya kawaida huja kwa mawimbi, na katikati yake unaweza kucheka. Ikikaa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili, au umepoteza hamu ya kila kitu, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, kuchoka, kushindwa kukaza akili au kujiona huna thamani, nenda. Mawazo ya kutaka kufa, nenda leo. Kwa mama aliye katika umri wa kukoma hedhi, mweleze daktari kama unaamka usiku umelowa jasho, maana usingizi unaokatika kwa sababu hiyo hujifanya huzuni. Pombe ya kuitafutia usingizi inalaza mapema na kuamsha usiku wa manane.

MamaKifunguaMimba

Asanteni sana, nimenakili yote. Swali dogo kwa matroni: hiyo barua niiweke chini ya mto anapolala siku ya kwanza?

MatroniWaBweni

Hapana mama. Siku ya kwanza ana mengi. Itie ndani ya foronya ya akiba, ile atakayoifungua akibadilisha matandiko wiki ya pili, shamrashamra za ugeni zikiwa zimeisha. Na usimwulize kama ameisoma.