Kambale wa mdomoni mwa Mirongo: tule au tumwage?

MamaKijacho: Habari za leo wakuu. Niko Mwanza, nina mimba ya miezi mitano. Jumamosi mume wangu huchukua ndoano, anakwenda pale mto Mirongo unapomwaga ziwani, anarudi na kambale, siku ya bahati na sato wawili watatu. Kitoweo cha bure nani hakitaki? Sasa juzi nimempasua kambale, tumboni nakuta kipande cha mfuko wa nailoni, na harufu ya oili chafu kama niko gereji. Ndimu mara tatu, nikakaanga, harufu iko pale pale. Nikamwaga. Mwenzangu kanuna, anasema moto unaua kila kitu. Ni kweli? Au niache samaki mpaka nijifungue?

Mvuvi Mstaafu: Dada, pale yanapita maji ya mji mzima, ya vyoo na ya gereji. Na kambale chakula chake kiko topeni. Shemeji ahame, atafute miamba kwenye mawimbi, mbali na mto. Samaki anayenuka oili hata mbwa usimpe.

Nesi wa Zamani: Mwanangu, moto unaua vijidudu vya kipindupindu, taifodi, na minyoo. Lakini zebaki, ile metali ya majimaji, si mdudu, moto hauiui. Wachimbaji wadogo wa Geita wanakamatia nayo dhahabu. Ikifika kwenye tope la ziwa inageuka sumu kali zaidi, inaingia kwa vidagaa, mkubwa anamla mdogo, inazidi kurundikana. Ndiyo maana sangara wa kilo 20 huwa amebeba nyingi kuliko wa kilo 2. Imo ndani ya mnofu, kwa hiyo kumchuna ngozi hakusaidii, na kwa mjamzito inavuka kondo hadi kwenye ubongo wa mtoto. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki ulikotambuliwa 1956, kuna mama waliojiona wazima wakazaa watoto walioathirika.

Sumu zinazokaa kwenye mafuta, kama dawa za zamani za kuulia wadudu, hizo unazipunguza: tupa ngozi, ini na mafuta ya tumbo, choma kwenye waya yachuruzike.

Lakini samaki usiache, mtoto anawahitaji. Kula dagaa na sato wadogo wa maji safi, mara mbili tatu kwa wiki. Sangara mkubwa mwache kwanza.

Supu Moto: Kwa hiyo kichwa cha sangara ndiyo basi tena? 😭

Nesi wa Zamani: Kwani una mimba? Kunywa, ila isiwe kila siku.

Jaduong Kisumu: Huku maji yakigeuka kijani kama rangi ya ukuta, ngege (sato wenu) tunamtoa matumbo na ini yote palepale. Ile sumu ya mwani haiondoki kwa kuchemsha. Na usipikie hayo maji.

MamaKijacho: Asanteni sana. Nimemsomea yote, Jumamosi anahamia miambani. Shida ni kambale wa jana, bado mzima kwenye beseni. Mwenzangu anauliza kama tunaweza kumfuga.